Matundu ya Kulia

Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma na njaa, kwa hiyo ukiona nimeruka jambo au nimelisema mara mbili, usinilaumu mimi, ilaumu njaa. Kazi niliyoijua ni bodi za malori. Pale Iringa zamani lori lilikuwa linaletwa uchi, chasisi na injini tu, dereva kakalia kreti la soda, na mimi ndiye ninayelivalisha. Mbao za mninga, bolti, bati, rangi, na nyuma maneno anayoyataka mwenye lori. Mmoja alitaka "Subira Yavuta Heri." Mimi nikaandika "Subira Yavuta Hewa." Hakuna aliyesema kitu. Lori likaenda hivyo Tunduma na kurudi, miaka, na naamini lilivuta hewa kweli, maana halikuwahi kufika kwa wakati.

Kwa hiyo mambo ya neno moja kuharibu kazi si mageni kwangu. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Siku hizi ninakaa Savage, mji mdogo kusini mwa Minneapolis, huku Marekani, karibu na mto, nyumbani kwa binti yetu. Binti ni nesi, hospitali yake iko Saint Paul. Tulikuja wawili, mimi na mama yake, kumsaidia kulea mtoto wa tatu alipozaliwa. Mtoto sasa anakimbia, anajibu Kiingereza hata ukimwamkia kwa Kiswahili, na sisi bado tulikuwa tupo. Chumba chetu kiko chini ya nyumba, kizuri, kina zulia, kina dirisha la juu kabisa ambalo ukichungulia unaona miguu ya majani na magurudumu ya gari la takataka.

Ng'ambo ya uzio anakaa mzee wa Kizungu, mjane, aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye maghala ya nafaka pale mtoni. Nyuma ya gereji yake kulikuwa na kempa. Kempa, kwa asiyejua, ni kijumba cha magurudumu mawili kinachovutwa na gari. Ndani kuna kitanda, meza, jiko la gesi, sinki kama bakuli la kunawia mikono. Wenyewe huenda nayo maziwani wakati wa joto. Hii ilikuwa kuukuu, ya umbo la yai, ngozi yake alumini. Tangu mkewe afariki hakuivuta tena. Kindi walikuwa wamezaa ndani ya kochi na mche wa mti ulikuwa umepenya kwenye bampa na kutoa majani.

Kila asubuhi nilikuwa naitazama kempa ile juu ya uzio. Naisema kweli yangu: niliitazama kuliko nilivyomtazama mke wangu. Mpaka siku moja jirani akaja kwenye uzio, akaongea, na mke wangu akanitafsiria: "Anasema kama unaitaka ichukue, kabla hajaitia moto."

Mke wangu ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Alikuwa akienda darasa la Kiingereza kanisani, Jumanne na Alhamisi, kwa basi. Mimi nilikwenda siku moja tu. Mwalimu alikuwa binti wa umri wa wajukuu zangu, na nilipotamka "penseli" akanipigia makofi. Mtu mzima, fundi, anapigiwa makofi kwa penseli. Sikurudi. Nikawa namtegemea mke wangu, na huku moyoni nilikuwa naumia kwamba yeye anajua na mimi sijui, kwa hiyo akishatafsiri mara moja simuulizi tena. Karakana ilinifundisha hivyo. Fundi akiuliza mara mbili, mteja anaanza kutafuta fundi mwingine.

Lakini kempa sikuitengeneza kwa kupenda kempa. Niliitengeneza kwa sababu mke wangu alisema anaondoka.

Alisema mwezi wa nne, theluji ikiwa bado imelala kwenye vivuli. Alikuwa anaosha vyombo jikoni kwa binti, mimi nafuta.

"Majani ya miti yakianguka, mimi naondoka."

"Unaondoka kwenda wapi?"

"Kwetu."

"Kwetu kuna nini?"

"Kuna mimi."

Nikaendelea kufuta sahani. Ile ilikuwa nafasi ya kuuliza, na nikaifuta pamoja na sahani. Badala yake nikaanza kufikiri kifundi: kitu kimelegea, kimelegea wapi? Nikaona ni jiko. Kwa binti yetu jiko ni kioo, halina moto, sufuria zina mpangilio wake, na mama mkwe au mama mzazi, akipika pale anapika kama mtu aliyeazima. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulikuwa tumefika siku ya elfu na hakuna mahali pa kulitia jembe. Nikasema basi, nitamjengea jiko lake, lenye mlango wake. Mwanamke akiwa na jiko lake haondoki. Ndivyo nilivyojiambia, na hakuna aliyenibishia kwa kuwa sikumwambia mtu.

Tukaisukuma kempa mpaka kwenye saruji mbele ya gereji ya binti. Nikaanza kuivua.

Ukivua ngozi ya kempa ndipo unamjua aliyeijenga. Skrubu mamia, zimefichwa chini ya utepe wa alumini, na chini yake mifupa ya mbao nyembamba kama ya kizimba cha kuku. Mahali pengi palikuwa pameoza, kidole kinazama kama kwenye ugali wa moto. Niliicheka kwanza. Nikamwambia mke wangu hawa Wazungu wanajenga na njiti za kiberiti. Baadaye, nilipoona jinsi kila mbao ilivyokunjwa kufuata lile umbo la yai, nikaacha kucheka. Kulikuwa na mtu mahali fulani, pengine amekufa, aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wangu.

Jirani alikuwa akija na kahawa yake kutazama. Mke wangu alimkatalia kuingia hivi hivi. Kempa ilikuwa bado ni mifupa tu, unaona ndani mpaka nje, lakini ina fremu ya mlango, na yeye amesimama ndani na ufagio.

"Nani?" anauliza, huku wanatazamana.

"Odi," anasema mzee.

"Rudi nyuma. Hodi!"

"Hodi."

"Haya, karibu. Futa miguu."

Na mzee anafuta miguu kwenye saruji, anaingia kupitia fremu, wakati angeweza kupita katikati ya ukuta. Nikawaona wote wawili wanacheka, nikasema moyoni, kazi inakwenda.

Chini ya meza mle tulikuta kabati na ndani yake kikombe cha njano. Jirani alikigeuza, akakitazama chini, akakirudisha pale pale mkewe alipokiacha. Kikombe kile kipo mpaka leo.

Tukafika kwenye madirisha. Fremu zake alumini, na kwenye ukingo wa chini, kwa nje, kuna vitundu vidogo, kila dirisha viwili. Mimi maisha yangu yote nimeziba matundu. Lori la saruji likiwa na tundu, mvua ikinyesha mteja anapata jiwe. Nilikuwa nimeshashika bunduki ya silikoni, ile gundi ya mpira ya kuzibia. Jirani akainua mkono, akaongea kirefu, ananyoosha kidole kwenye vitundu, mke wangu anasikiliza na kichwa kimeinama upande mmoja.

"Anasema usizibe matundu ya kulia."

"Ya kulia?"

"Ya kulia. Amesema sana. Usiyazibe hata kidogo."

Nikasema sawa. Na nikaona ina maana, hebu sikiliza akili ya mtu asiyetaka kuuliza. Mlango wa kempa uko kulia. Saruji ya binti inateremkia kulia. Na zaidi ya yote, kulia ni kulia: mkono wa kulia ndio tunaolia chakula, ndio tunaompa mtu mkono, kila kitu cha heshima kiko upande huo. Kwa nini Mzungu naye asiwe na heshima ya upande wa kulia? Hata nikampenda kidogo kwa hilo. Nikayaacha matundu ya kulia wazi, nikaenda upande wa kushoto, upande wa jiko, nikaziba yote, moja baada ya jingine, nikalainisha kwa kidole chenye mate. Kazi safi. Ungepitisha kitambaa kisingenasa.

Mwezi wa saba kempa ilikuwa imesimama. Ndani nilitia plaiwudi nyepesi, nikaipaka vanishi mpaka ikawa rangi ya asali. Jiko la gesi na sinki upande wa kushoto, rafu niliyoichonga kwa kipimo cha mkono wake, asiinuke wala asiiname. Mke wangu akahamishia humo mwiko wake, kinu kidogo, na ile sufuria aliyokuja nayo kwenye ndege imejaa dagaa. Akawa anapika makande humo. Harufu inavuka uzio, jirani anapiga hodi vizuri kabisa. Wajukuu wanaingia, wanakula, wanasema kwa Kiingereza kwamba ni matamu. Alikuwa akiimba. Mimi nakaa nje kwenye kiti cha kukunja, nasikia mwiko unagonga sufuria, najiambia, mzee, umeshinda. Nikaacha hata kuitazama miti.

Mwezi wa tisa ikanyesha mvua siku tatu.

Siku ya nne, asubuhi, nikasikia ananiita. "Baba! Njoo ushike ukuta."

Nikaenda. Kile kisehemu cha plaiwudi chini ya dirisha la jiko kilikuwa kimevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Nikabonyeza. Kidole kikazama. Nikaleta bisibisi, nikafungua. Maji yakamwagika miguuni, na mbao niliyoitia mimi mwenyewe mwezi wa sita, mbao mpya, imeota ukungu mweusi. Nikaenda dirisha la pili la kushoto, vivyo hivyo. Nikazunguka upande wa kulia, nikafungua: kukavu, kunanukia vanishi.

Jirani alitukuta hapo. Akainama nje, akapitisha kucha kwenye silikoni yangu safi, akatikisa kichwa, akamwambia mke wangu kitu.

"Anauliza kwa nini umeziba matundu ya kulia."

"Mwambie sijaziba ya kulia. Nimeziba ya kushoto."

Akatafsiri. Mzee akanitazama, akamtazama mke wangu, akasema tena, polepole, na safari hii akaweka vidole viwili chini ya macho yake na kuviteremsha mashavuni.

Mke wangu akashika mdomo.

"Baba we! Kulia. Kulia kwa machozi!"

"Dirisha linalia?"

"Kwao linalia! Maji yakiingia kwenye fremu yanatokea pale. Linalia, linapata nafuu. Wewe umeliziba macho!"

"Sasa mbona hukusema machozi?"

"Na wewe mbona hukuuliza?"

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya kempa, kanga imeteleza begani. Jirani naye akacheka bila kuelewa lolote, maana alidhani tunamcheka yeye. Mimi pia nikacheka, kwa haya. Halafu jirani na mimi tukaacha, mke wangu akawa anaendelea, na ndipo nikaona kwamba kile si kicheko tena. Jirani aliona kabla yangu. Akaweka kikombe chake juu ya tairi, akaondoka taratibu.

Nikasimama na bisibisi yangu. Nimekaa na mwanamke huyu zaidi ya miaka arobaini, tumezika wazazi wanne, tumesomesha watoto, na sikujua mkono niuweke wapi.

"Unajua neno lile nimelijuaje?" akasema. "Mwalimu alileta picha za nyuso. Huyu amekasirika, huyu anacheka, huyu analia. Zile nyingine nilizisahau basini. Ile ya machozi nikaishika siku hiyo hiyo, kwa sababu nilikuwa naifanya. Nikitoka darasani nalia kwenye basi mpaka nafika. Wewe ukiniona macho mekundu unasema ni baridi."

"Nilisema jiko ndilo..."

"Jiko! Kwani Iringa nilikuwa napikia kwenye kiganja? Nilikuwa na jiko, nilikuwa na shamba. Sikuomba jiko." Akajifuta kwa pindo la kanga. "Siku ile binti alipotuuliza, mtakaa? Unaikumbuka? Wewe una nyama mdomoni, ukasema, tutakaa. Mimi nimesimama nyuma yako naosha mchele. Hukugeuza hata shingo. Hiyo 'tu' uliitoa wapi, baba?"

Niliitoa mahali ninapotoa vitu vyangu vyote. Nimesema "tutajenga," "tutahama," "tutauza ng'ombe," na kila mara ng'ombe aliyeuzwa alikuwa wa kwake pia. Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyetaka kukaa. Iringa malori yanakuja yameshavaa, bodi za chuma kutoka ng'ambo. Nilikuwa nafungua karakana asubuhi, nafagia, nafunga jioni. Vijana wakipita wananisalimia kama wanavyosalimia kaburi. Na hapa, jirani mmoja wa Kizungu alikuwa amejifunza neno moja jingine zaidi ya hodi, akawa ananiita fundi. Kwa neno hilo moja nilikuwa tayari kumfungia mke wangu kwenye yai la alumini na kuziba matundu.

Nikamwambia hivyo. Si kwa ufasaha kama ninavyosimulia, lakini nikamwambia. Halafu nikamuuliza, "Unataka nini?"

Akanitazama kama mtu aliyesikia mlango ukigongwa kwenye nyumba isiyo na wageni.

"Nataka kupanda mahindi yangu," akasema. "Niyapalilie, niyaone yakitoa mbelewele. Nikishaona, ndipo nitajua ninataka nini."

"Na mimi?"

"Wewe tengeneza ukuta."

Nikatengeneza. Nilivua tena ule upande wote wa kushoto, nikakata mbao zilizooza, nikaacha mifupa ikauke kwa jua la mwisho la mwaka. Silikoni yangu nikaichokonoa na msumari, tundu moja moja, yeye amekaa karibu ananipokeza skrubu. Ni kazi ya ajabu kutengeneza jiko la mtu anayeondoka. Mara mbili nilitaka kuikawiza. Nilikuwa nimeshaficha hata boksi la skrubu nyuma ya tairi, nikasema zimekwisha, mpaka za kuagiza. Akalitoa, akaniwekea mkononi.

Majani yakaanguka. Mti wa jirani ulikuwa wa mwisho.

Binti alitupeleka uwanja wa ndege. Njiani alilia yeye, akilaumu zamu zake za hospitali, na mama yake akamwambia nyamaza, uendeshe gari, hakuna aliyekufa. Pale kwenye foleni ya mizigo nikamwambia maneno ya kijinga, umechukua dawa, umechukua sweta. Kisha nikasema, "Ukishavuna?"

"Nitakwenda, nitapanda, nitavuna. Kisha nitaona."

"Nitaona, au tutaona?"

Akacheka, akanipiga na pasipoti kifuani. "Nitaona," akasema, akaingia.

Baridi ya mwaka ule sitaieleza, aliyekaa Minnesota anaijua na asiyekaa hataamini. Niliifunika kempa kwa turubai, na theluji ikizidi natoka na ufagio naipunguza. Jirani anapita, anapiga hodi kwenye turubai, najibu karibu, tunasimama tu nje na mvuke unatutoka puani. Jumanne na Alhamisi nikaanza kwenda darasani. Nilipigiwa makofi mengi. Nilizoea.

Mwezi wa nne likachomoza jua la kweli. Nikavua turubai. Theluji iliyobaki juu ya paa ikaanza kuyeyuka, ikapita kwenye madirisha, na nikasikia: tik, tik, tik. Nikainama. Kila kitundu kilikuwa kinatoa maji, cha kulia na cha kushoto. Nikagusa ukuta wa jiko kwa ndani. Mkavu. Nikachukua simu, nikaisogeza karibu na dirisha la kushoto, nikarekodi ule mlio, nikamtumia mke wangu mlio peke yake.

Ikapita siku nzima. Kesho yake, nikiwa nakunywa chai kwenye ngazi ya kempa, kwa kile kikombe cha njano, simu ikatetemeka.

Mimi kusoma nasoma, lakini herufi kwa herufi, kidole chini yake. Alikuwa ameandika: "Nimeisikia. Mahindi ya kuchoma tayari. Tutaona."

Nikarudi mwanzo, nikasoma tena. Nilipofika neno la mwisho nikaweka kidole chini ya herufi ya kwanza, kisha ya pili. Te. U. Si "ni." Nikafuta kioo kwa shati, maana mimi ni yule aliyeandika "hewa" mahali pa "heri," siliamini jicho langu. Ikabaki pale pale.

Haikusema tutaona wapi, huku au kule, wala lini. Zamani ningejijibu mwenyewe na kuanza kazi. Nimemwandikia kumuuliza. Bado hajajibu, huko sasa ni usiku, amelala. Asipojibu kesho, nitamuuliza tena.